Kidonge cha Akiba

Wateja walimwita Fundi Pazia, na wengi wao walivaa suruali zake miaka na miaka bila kuijua sura yake. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa katikati kwa pazia zito la kijani. Mbele alikaa mkewe, anapokea watu, anawapima viuno na mabega, anataniana na kila anayeingia. Nyuma kulikuwa na cherehani, pasi, meza ya kukatia, na yeye. Mteja akisema, "Mwambie fundi mikono asiibane," hajibiwi na mtu, anasikia mkasi tu. Watu wakasema ana maringo. Kuna mama mmoja aliyeapa kabisa kwamba huko nyuma hakuna mume wala nini, kwamba mume alishatoroka zamani na mke ndiye anayeshona. Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Nyuma ya pazia hakucheka mtu.

Maringo gani, jamani! Yule bwana alikuwa anaogopa watu. Hakuogopa kuibiwa wala kupigwa, aliogopa kutazamwa tu. Macho mawili yakimtua usoni, koo linafunga, kijasho chembamba kinamtoka, na lile neno alilotaka kusema linapotea. Alikuwa hivyo tangu shule, tangu siku za kuitwa mbele kusoma kwa sauti. Siku ya harusi yake mwenyewe alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Maisha yake yote aliyapanga ayapitishe uchochoroni, na kwa kuwa alikuwa fundi hodari na mkewe alikuwa na mdomo wa wawili, mambo yakaenda.

Na ufundi wake ulikuwa na tabia moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyokuja kumuumiza. Alikuwa haachi kuweka akiba. Ukimpa kipimo cha kiuno, yeye anakata zaidi, na kile kitambaa cha ziada anakikunja ndani ya mshono. Kila fundi hufanya hivyo kidogo, ila yeye alipitiliza. "Nguo ikizidi utaipunguza," alikuwa akimwambia mkewe, "ikipungua utaitoa wapi?" Mama yake mzazi alimtania sana kwa hilo. Anajipapasa gauni alilomshonea, anasema, "Mwanangu, humu ndani kuna nafasi ya mtu wa pili. Nimtafute?"

Huyo mama ndiye binadamu pekee, ukimtoa mkewe, aliyelifunua pazia bila fundi kushtuka. Alikuwa akiishi kwa binti yake mkubwa, upande wa pili wa mji. Akija dukani hapigi hodi. Anapita moja kwa moja, anakaa juu ya furushi la vitambaa, anaokota pini sakafuni huku anapiga soga. Hakuwahi kumuuliza mwanawe kwa nini anajificha. Alikuwa akimtazama tu wakati mwingine, kama mtu mwenye neno mdomoni, halafu anaokota pini nyingine.

Basi siku moja mkewe aliumwa, ikabidi fundi aende mwenyewe kwenye duka la vitambaa. Kulikuwa na foleni. Akiwa katikati ya foleni ile moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata, na akajua kwa hakika kwamba anakufa. Alianguka juu ya majora ya kitambaa cha shuka. Wasamaria wema wakamkimbiza zahanati.

Daktari alimpima, akampima tena, akaketi. "Moyo wako mzima," alisema. "Kinachokusumbua ni maradhi ya wasiwasi. Kile kilichokupata leo ni hofu iliyokushambulia ghafla. Maradhi haya yana jina na yana tiba."

"Kwa hiyo mimi ni kichaa?"

"Wewe ni mgonjwa, kama mwenye pumu. Sasa sikiliza, tuchague dawa."

Akamweleza taratibu. Ipo dawa ya kunywa kila siku. Hiyo ni ya polepole, huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na siku za mwanzo inaweza kuchafua tumbo na hata kuzidisha huo wasiwasi. "Usiiache kwa sababu hiyo. Mambo yakiwa magumu rudi kwangu, tutapunguza au tutabadilisha. Na nitakukutanisha na mshauri, uwe unakuja kuzungumza naye."

"Ya haraka hakuna?" fundi aliuliza.

"Ipo. Inatuliza muda mfupi baada ya kuimeza. Lakini hiyo si ya kuishi nayo, mwili unaizoea. Inaleta usingizi, na ikizidi inaweza kufuta kumbukumbu. Nitakupa vichache, vya dharura." Daktari akainua kidole kimoja. "Kimoja, fundi. Usiongeze."

Alianza na ile ya polepole, na nia yake ilikuwa njema, tusimwonee. Lakini tumbo lilimvuruga, na kibaya zaidi mikono ilianza kumtetemeka. Alikuwa anashona suti ya bwana harusi, mshono wa kola ukaenda upande kama njia ya mlevi. Akafumua, akashona, ukaenda upande tena. Daktari alishasema arudi, siyo? Tatizo ni kwamba kurudi kwa daktari kulitaka kukaa kwenye benchi la wagonjwa, goti kwa goti na watu, na mtu anaita jina lako kwa sauti. Kwa hiyo yule aliyekuwa na maradhi ya kuogopa watu hakuweza kwenda kutibiwa kwa sababu ya kuogopa watu. Ungecheka kama isingekuwa inasikitisha. Dawa akaitia kwenye kopo la vifungo, akafunika. Mkewe akiuliza, "Umekunywa?" anajibu, "Nimekunywa." Mficha maradhi, kilio humuumbua, na chake kilikuwa njiani.

Zile za haraka alizitia mfuko wa shati. Hakuzimeza. Alikuwa akizigusa tu kwa juu ya kitambaa.

Wakati mvua zinaanza, mama yake akaugua ghafla, akalazwa. Siku ya kwanza fundi alivaa shati jipya, akaenda mpaka kwenye lango la hospitali. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa na watu walikuwa wengi, wanasukumana na vyombo vya chakula na chupa za chai. Alisimama akiwatazama. Moyo ukaanza. Akageuka, akatembea haraka, akajikuta dukani, nyuma ya pazia, amekaa sakafuni. Siku ya pili alimshonea mama yake gauni la kulalia, laini, lenye akiba ya kutosha watu wawili, akampa mkewe apeleke.

Dada yake alikuja dukani, hakukaa. Alikuwa ametoka kumwogesha mama, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliongea na pazia.

"Mama anakuuliza kila siku. Nimjibu nini? Kwamba mwanawe ana suruali za watu za kushona?"

Nyuma ya pazia ulisikika mkasi tu.

"Mimi sina la kusema tena. Lakini amenituma, na nafikisha. Anasema, 'Mwambieni aje. Nina neno naye, na nitamwambia mwenyewe, sitampa mtu amletee.' Nimemwambia, mama, niambie mimi. Amekataa. Mimi ninayemlisha, amekataa." Sauti yake ikapasuka hapo. "Haya, nimefikisha."

Akaondoka. Fundi alikaa na mkasi mkononi. Kuna siku mama yake alimbeba mgongoni, mvua inanyesha, mpaka kwa daktari, na leo yeye anashindwa kupita lango. Alilifungua kopo la vifungo, akaitazama ile dawa ya polepole. Angeinywa tangu siku ile, angevumilia tumbo, sasa hivi ingekuwa inafanya kazi. Lakini mama hakuwa na wiki kadhaa za kumsubiri, na kila mtu alilijua hilo. Alipiga moyo konde. Akamwambia mkewe, "Kesho nakwenda. Twende wote."

Kesho yake mchana, wakati mkewe anafunga duka kwa mbele, yeye alimeza kidonge kimoja cha haraka, kama alivyoagizwa. Akasubiri. Moyo bado ulikuwa unadunda. Akafikiria lango, na ngazi, na vitanda vyote vile vyenye macho. Je, kikipungua? Je, kikimwishia pale pale mlangoni, mama anamwona, naye anageuka anakimbia? Hapo ndipo mkono wa ushonaji ulipomponza. Ikizidi utaipunguza, ikipungua utaitoa wapi? Akameza cha pili. Cha akiba.

Anakumbuka lango. Anakumbuka mlinzi alimwambia, "Pita, mzee," naye akapita kama mtu yeyote, na akashangaa jinsi ilivyo rahisi. Anakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na reli ya ngazi, baridi mkononi mwake. Basi.

Aliamka kitandani kwake, asubuhi, kichwa kizito, mdomo mkavu. Mkewe alikuwa anapiga pasi blauzi ya mteja. Fundi aliketi, akasema, "Leo lazima nifike. Nitajikaza. Leo lazima nimwone mama."

Mkewe akacheka. "Utamchosha mgonjwa. Si umetoka kumwona jana?"

"Jana?"

"Acha utani, bwana." Kisha akamtazama vizuri, akaiweka pasi kando. "Wewe. Hutanii."

Akamsimulia yote. Kwamba aliingia wodini bila kusita, akakaa kitandani kabisa, akamshika mama mkono. Kwamba mama alifurahi mpaka akaomba ainuliwe kwa mto, akamwambia mkwewe, "Binti yangu, tuache kidogo, hili ni langu na mwanangu." Yeye akatoka, akawa anawatazama kupitia kioo cha mlango. "Mama aliongea, akaongea. Sijawahi kumwona akiongea hivyo tangu alazwe. Wewe unaitikia kwa kichwa. Mkalia wote wawili. Mwisho mkacheka. Ulipotoka nikakuuliza, vipi? Ukaniambia, 'Nimezungumza na mama.' Ulikuwa na amani usoni, mume wangu, nikasema Mungu mkubwa. Kwenye gari ukalala."

"Aliniambia nini?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nje."

"Aliniambia nini, mke wangu?"

Hakusubiri jibu. Alivaa shati la jana, akasahau vifungo viwili, akakimbia. Nasema alikimbia, katikati ya barabara, mchana kweupe, mtu mzima ambaye hata kuvuka njia alikuwa anavizia pasiwe na mtu. Langoni walimwambia saa ya kutazama wagonjwa bado, akasema, "Ni mama yangu," kwa sauti iliyowafanya wamwachie.

Mama alikuwa amelala ndani ya lile gauni lenye akiba, kitambaa kimemzidi, kimemwagika kila upande. Dada yake alikuwa kando. Mama hakuwa anaongea tena. Tangu alfajiri, alisema muuguzi. Fundi aliinama sikioni.

"Mama, ni mimi. Rudia. Rudia neno moja tu."

Vidole vya mama vilimfinya mkono kidogo, au fundi alitaka viwe vimefinya. Na hapo hofu ikamjia, ile kubwa, ile ya siku ya foleni. Wodi nzima ikamtazama: wauguzi, wagonjwa, jamaa za wagonjwa. Hakuwa na kidonge mfukoni, vilivyobaki alivisahau nyumbani. Alitetemeka mpaka kitanda kikatetemeka. Lakini hakuondoka. Alishika kile chuma cha kitanda, akakaa ndani ya ile hofu, ikapanda, ikapanda, ikafika juu, ikaanza kushuka yenyewe. Hakufa. Aliyekufa ni mama yake, kabla ya jua kuzama, wanawe wote wawili wakiwa pale.

Kumbe angeweza! Hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote. Angeweza kwenda mkono mtupu, akatetemeka, akatoa jasho, akaaibika, na lile neno akalisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Baada ya mazishi jamaa walikusanyika nyumbani kwa dada. Mjomba wao, kaka wa marehemu, ndiye aliyeuliza, mbele ya watu wote. "Mama yenu alikuwa na neno. Tunasikia alikupa wewe. Tuambie basi, tulishike."

Watu wakageuka. Yote aliyowahi kuyaogopa tangu shuleni yalikuwa pale: ameitwa mbele, macho yote juu yake, na neno limepotea. Alisimama.

"Sikumbuki," akasema.

Minong'ono ikaanza. Dada yake aliinuka taratibu. "Hukumbuki? Nimemlisha, nimemwogesha, nimelala kwenye kiti siku zote zile. Wewe umekuja mara moja. Neno lake la mwisho akakupa wewe. Na hukumbuki?"

"Dada..."

"Kama ni siri yenu, sema ni siri. Usinitukane mbele ya watu kwamba umesahau." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi aliondoka na viatu mkononi.

Siku chache baadaye alirudi wodini. Alimtafuta bibi mmoja aliyekuwa kitanda cha jirani, upande wa dirisha, mzee mwembamba mwenye meno mawili na macho ya ndege. Bado alikuwepo. Alimtambua fundi kabla hajasalimia.

"Wewe ni wa yule mwenzangu. Pole, mwanangu. Pole sana."

"Asante, bibi. Shikamoo. Nimekuja kuuliza kitu." Akavuta pumzi. "Ile siku niliyokaa naye. Uliyasikia maneno yake?"

Bibi akatikisa kichwa. "Alikuwa ananong'ona. Nami masikio yangu haya, unayaona. Nilitega, nisikudanganye, mzee hana kazi nyingine humu. Lakini la kwake sikulipata hata moja." Kisha uso ukamng'aa, kama mtu aliyepata zawadi ya kumpa mgeni. "Yako niliyasikia, maana wewe ulisema kwa nguvu. Ulisema, 'Nimekuelewa, mama. Nitafanya. Nakuahidi sitasahau.' Nikasema moyoni, huyu mama amezaa."

Fundi alimshukuru. Alifika mpaka kwenye ngazi, akakaa chini, akalia kwa sauti, watu wanampita huku na huku, wengine wakimshika bega. Wala hakuwaona.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Dada alifungua mlango nusu. Fundi akasema yote pale pale kizingitini, kabla ujasiri haujamkimbia: foleni, daktari, dawa mbili, kopo la vifungo, siku aliyofika langoni akageuka, kidonge cha kwanza na cha pili. Na aliyoyasema bibi. Dada alisikiliza mkono umeganda kwenye kitasa.

"Miaka yote hii," alisema mwishoni, "nilidhani unatudharau. Kwamba sisi si watu wa kukaa nasi."

"Nilikuwa naogopa."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi dada yako! Ningekushika mkono tukapita lango pamoja. Ningekuvuta kwa sikio." Akaanza kulia, akamvuta ndani. "Mjinga wewe. Mjinga wa mama yangu."

Walikaa jikoni wakijaribu kukisia. Pengine mama alitaka wasije wakagombana wakabaki wawili wasiosemezana. Pengine ni yule binamu aliyekosana na ukoo, alikuwa anamtaja sana siku zile. Pengine kaburi la baba, ambalo nyasi zimelifunika. Dada akasema polepole, bila kumtazama, "Pengine alitaka utoke kule nyuma. Aliwahi kuniambia, 'Mtoto wangu amejishonea nguo ya kujifichia.'"

"Nitafanya yote," fundi alisema.

"Yote?"

"Sasa nitajuaje niliahidi lipi?"

Na anafanya. Binamu wamempata, wakamrudisha kwa shida na matusi mengi. Kaburi limefyekwa nyasi. Kila wiki dada yake huja dukani, hupita bila hodi, hukaa juu ya furushi. Fundi alirudi kwa daktari, akakaa benchini goti kwa goti na watu, akaitwa jina kwa sauti, akaitikia. Anakunywa ile dawa ya polepole kila asubuhi, kimoja, bila akiba. Tumbo lilimvuruga, daktari akapunguza kwanza, akapandisha baadaye, na mshauri anamwona. Nafuu imekuja, nisiseme uongo. Siku hizi anapima wateja mwenyewe. Mikono hutetemeka kidogo ikishika futi, mteja hujifanya haoni.

Ila wakati mwingine, katikati ya mshono, cherehani hunyamaza ghafla. Mkewe huinua kichwa. "Vipi? Limekuja?"

Fundi hutulia, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, ametega sikio.

"Nilidhani limekuja," husema, kisha huendelea kushona.